Watoto Katika Sare: Nani Anayewasimamia?



Hivi karibuni tulipokea swali kutoka kwa ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Pwani, aliyehamia Uingereza pamoja na ahali yake miaka kadhaa iliyopita. Mwanawe wa kiume ametimiza miaka 13. Jioni moja mtoto huyo alirudi nyumbani akiwa na karatasi ya kutiwa saini na mzazi. Anataka kujiunga na makadeti wa jeshi la nchi kavu, kwa kuwa rafiki zake wawili wamo humo na wamemsimulia habari za kambi, mahema, ramani na kulenga shabaha. Baba aliishika karatasi ile siku nne, hakuitia saini wala hakuirudisha. Swali alilotuletea lilikuwa fupi: "Ustadh, hili ni jeshi au ni skuli? Na mwanangu namkabidhi nani?"

Tunakiri kwamba jawabu letu la mwanzo lilikuwa la haraka. Tuliiona picha ya mtoto aliyevaa kombati, tukasema moyoni: mkataze, basi. Lakini aulizaye hustahiki zaidi ya hasira ya anayeulizwa, na sehemu ya pili ya swali lake ilitukaa kooni. Namkabidhi nani? Ni swali ambalo wazazi wetu wengi hawaliulizi hata wanapotuletea watoto sisi wenyewe madrasani. Basi tukajilazimisha kuitazama taasisi hiyo jinsi ilivyojengwa na jinsi inavyopata watu wake, kabla ya kuihukumu.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba Uingereza haina kundi moja la makadeti. Wapo makadeti wa bahari, wapo wa anga, wapo wa nchi kavu, na vipo vikosi vya mchanganyiko vilivyomo ndani ya skuli, vilivyopewa umbo lao la sasa mwaka 1948. Hivi vya skuli kwa muda mrefu vilikuwa aghalabu katika skuli za kulipia, za watoto wa wenye nacho. Mwaka 2012 serikali ilianza mpango wa kuvipeleka katika skuli za umma, na baadaye ikaweka lengo la kufikisha vikosi 500. Mtoto wa ndugu yetu hayumo katika hivyo. Yeye ameitwa katika kituo cha mtaani, na hao wa mtaani ndio tutakaowazungumzia.

Asili yao ni mbili, na mtu asiyezijua zote mbili hataielewa taasisi hii. Ya kwanza ni hofu ya vita. Mwaka 1859 Waingereza walihofia kuvamiwa na Ufaransa, wakaunda vikosi vya raia wa kujitolea, na mwaka uliofuata vikaanza kuonekana vikosi vya watoto pembezoni mwa vile vya watu wazima. Asili ya pili ni huruma. Mwaka 1889 mwanamke mmoja, Octavia Hill, mashuhuri kwa kazi yake ya kuwapatia mafukara nyumba za kuishi, alianzisha kikosi cha makadeti Southwark, mtaa wa dhiki kusini mwa London. Mwanamke huyu hakuwa na haja ya askari. Alichokiona ni vijana waliozagaa mitaani bila ya kazi, bila ya mkubwa wa kuwashika mkono, akakadiria kwamba gwaride, sare na usafi wa viatu vingewapa utaratibu ambao nyumba zao finyu hazikuweza kuwapa.

Mvutano wa asili hizo mbili haujakoma hadi leo. Serikali ilipochoka na mambo ya vita baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1923 iliwakatia makadeti fedha na kuacha kuwatambua, wakabaki kutegemea watu wa kheri, ambao mwaka 1930 waliunda jumuiya ya taifa ili wasife kabisa. Vita vilipokaribia serikali ikawakumbuka tena, na mwaka 1942 wizara ya vita ikawatwaa moja kwa moja na kuwapa jina wanalotumia hadi sasa, Army Cadet Force. Kisha mwaka 1957 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Amery, ikaelekeza kwamba hawa wahesabiwe zaidi kuwa taasisi ya malezi ya vijana. Msomaji ataona kwamba mapenzi ya dola kwa watoto hawa hupanda na kushuka kwa kadiri ya haja yake.

Sasa tuje katika jengo lenyewe. Chini kabisa kipo kituo cha mtaa, aghalabu ni ukumbi mdogo wenye stoo na uwanja, ambamo watoto hukusanyika jioni moja au mbili kwa wiki. Vituo kadhaa hufanya kombania, na kombania hukusanywa chini ya mkoa au wilaya yao, wenyewe huita kaunti. Juu ya kaunti yupo kamanda mwenye cheo cha kanali. Kwa nchi nzima vituo ni zaidi ya 1,600, na kwa miaka mingi hesabu ya watoto imekuwa ikizunguka 40,000, na ya watu wazima wanaowasimamia kama 9,000. Mtoto hupokewa kuanzia miaka 12, na humaliza anapokaribia 19. Wasichana nao huchukuliwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hesabu hizo mbili, 40,000 na 9,000, zizingatieni. Ni takriban mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne au watano. Ni madrasa gani miongoni mwetu, na ni skuli gani ya serikali katika nchi zetu, yenye uwiano huo?

Tena hao watu wazima karibu wote si waajiriwa wala si askari. Ni muuza duka, ni muuguzi, ni dereva wa basi, ni mwalimu, ni mama wa nyumbani, ambaye mchana yumo katika kazi yake na jioni anavaa sare na kusimama mbele ya watoto. Jioni zile hazina malipo. Kwa siku za kambi na mafunzo hupewa posho, nayo ina kikomo, kwa desturi siku zisizozidi 28 kwa mwaka. Anayetaka kuingia huomba, huhojiwa, na hutazamwa rekodi yake ya jinai katika daftari la serikali kabla hajaachiwa mtoto hata mmoja. Kisha huwa mkufunzi wa majaribio, akapelekwa mafunzoni siku za mwisho wa wiki, na akifaulu ndipo anapovishwa cheo cha sajenti mkufunzi. Toka hapo anaweza kupanda taratibu, au akaomba kuwa afisa, na huko hukabili bodi maalumu ya kumpima. Tangu mwaka 2017 maafisa hawa wana hati yao wenyewe ya uafisa, mbali na ile ya jeshi, kwa maana kwamba wanavaa vyeo vya luteni na kapteni na meja lakini hawawezi kupelekwa vitani wala hawana mamlaka juu ya askari wa kweli.

Nyuma ya hawa wa kujitolea wapo wachache wanaolipwa mshahara, na kwa maoni yetu hawa ndio siri ya taasisi nzima. Katika kila kaunti yupo mtendaji mkuu, aghalabu afisa mstaafu, ambaye ndiye anayejibu barua, anayehifadhi majalada, anayejua bima imelipwa au haijalipwa. Yupo mtunza vifaa. Wapo wasaidizi wanaozunguka vituo wakihesabu mahema, sare na redio. Mwalimu wa kujitolea anapofika jioni amechoka na kazi zake, anakuta mlango umefunguliwa, vifaa vipo, karatasi za ruhusa zimekwisha kukusanywa. Kazi yake imebaki moja, nayo ni watoto. Sisi tumezoea kumtwisha mtu mmoja yote: ndiye mwalimu, ndiye mweka hazina, ndiye mfagiaji, ndiye anayekimbizana na wazazi kwa ada. Kisha tunashangaa amekimbia baada ya miaka miwili.

Ngazi ya watoto wenyewe nayo ina hekima yake. Mtoto huanza bila ya cheo chochote, akapita madaraja ya mafunzo wanayoyahesabu kwa nyota, kutoka moja hadi nne, na juu yake lipo daraja la kadeti mkuu. Masomo yenyewe ni gwaride, kusoma ramani na dira, huduma ya kwanza, kuishi porini, mazoezi ya mwili, kulenga shabaha, na kazi za kuisaidia jamii. Anayeonesha uwezo hupewa ukoplo, kisha usajenti, na wachache hufika cheo cha juu kabisa cha sajenti meja. Cheo hicho si pambo. Koplo wa miaka 15 hupewa watoto sita au wanane wa miaka 12, akaambiwa hawa ni wako. Wakichelewa kuamka kambini, yeye ndiye anayeulizwa. Mtoto aliyekuwa hasikii la mwalimu nyumbani hujikuta analazimika kuwa mwalimu, na waliofanya kazi ya kulea vijana wanajua kwamba hakuna kinachomtuliza kijana mtukutu kama kupewa dhamana.

Hadi hapa tumesifu. Sasa tuyaseme yaliyobaki.

Silaha wanazojifunzia ni za kweli. Bunduki yao, tangu mwaka 2009, ni ya ukoo mmoja na ile ya askari wa Uingereza, isipokuwa haimimini risasi mfululizo. Haguswi mtoto na risasi mpaka afaulu mtihani wa usalama, na hilo tunalikubali. Lakini sare ni ya jeshi, vyeo ni vya jeshi, kambi ni za jeshi, na fedha nyingi zinatoka wizara ya ulinzi. Wakubwa wao husema, na katika sheria ni kweli, kwamba kadeti ni raia, hafungwi na amri ya kijeshi, na anaweza kurudisha sare kesho bila ya kuulizwa. Vilevile husema kwamba kazi yao si kuandikisha askari. Sisi hatusemi kwamba wanadanganya. Tunasema kwamba mtoto aliyefunzwa tangu miaka 12 kuona fahari yake yote imeshonwa katika sare hiyo hahitaji kuandikishwa na mtu, atakwenda mwenyewe. Na Uingereza huwapokea vijana jeshini tangu wakiwa na miaka 16, kwa idhini ya mzazi, jambo ambalo Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeitaka iliache, kwa kupandisha umri huo hadi 18. Ndipo tunapomwambia ndugu yetu kwamba karatasi iliyo mbele yake leo si ya jeshi. Lakini miaka mitatu ijayo huenda ikaja ya pili, na aitiaye saini ya kwanza awe amekwisha kuifikiria hiyo ya pili.

Tuliosoma katika nchi za Kiarabu tulikaa mabwenini na wenzetu waliolipitia jambo hili kwa sura nyingine. Neno lao ni futuwwa, neno la kale na zuri, lenye maana ya ujana ulioshikamana na ukarimu na ushujaa. Dola zikalichukua neno hilo zikalivalisha mabuti. Iraki katika miaka ya 1930 ilikuwa na futuwwa ndani ya skuli, na mmoja wa viongozi wa elimu, Sami Shawkat, aliwahutubia wanafunzi mwaka 1933 hotuba aliyoipa jina la ufundi wa mauti. Ufundi wa mauti, mbele ya watoto wa skuli! Syria nayo iliwafundisha wanafunzi wa sekondari somo la kijeshi kwa jina hilohilo, wakaenda darasani na sare za rangi ya jeshi mpaka mwaka 2003 lilipoondolewa. Mwenzetu mmoja wa bweni alikuwa akituambia kwamba alichokumbuka katika somo lile ni kupiga makelele ya kumsifu kiongozi, na kufungua na kufunga bunduki. Hakukuwa na karatasi ya kutiwa saini na baba yake.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa tunayoiona, na haki yapasa isemwe hata kama mwenye kusemewa si wetu. Huko mtoto ni mali ya dola na mkufunzi ni mtumishi wa dola. Huku mtoto ni wa wazazi wake na mkufunzi ni jirani. Ila ujirani nao si kinga.

Mwaka 2017 shirika la utangazaji la BBC lilitoa uchunguzi wake kuhusu watoto waliodhulumiwa kijinsia ndani ya vikosi vya makadeti vya Uingereza, baadhi yao miongo kadhaa iliyopita, na jinsi wazazi waliolalamika walivyonyamazishwa. Wizara ya ulinzi ilikiri kwamba katika miaka mitano madai 363 yalikuwa yamewasilishwa, ya zamani na ya karibuni. Msomaji asilipite jambo hili mbio. Taasisi yenye daftari, yenye vyeo, yenye ukaguzi wa rekodi ya jinai, yenye mtu mzima kwa kila watoto watano, nayo imefikwa. Kwa nini?

Sisi tunaona sababu imo ndani ya kile kile tulichokisifu. Mtoto amefundishwa kwamba mwenye cheo hatiliwi shaka. Amefundishwa kusimama wima na kuitikia. Basi mwenye cheo akiwa ni mbaya, mtoto hana maneno ya kumkataa, na wakubwa wenzake huona haya kumfichua kwa kuhofia jina la kikosi. Kuhifadhi heshima ya taasisi kukatangulizwa juu ya kumhifadhi mtoto. Baada ya fedheha ile kanuni zimekazwa: mtu mzima haruhusiwi kujitenga faragha na mtoto, malazi ya wavulana na wasichana na ya wakubwa hutengwa, na kila malalamiko yana mahali maalumu pa kupelekwa. Kanuni ni njema. Hata hivyo ukaguzi wa rekodi humkamata aliyekwisha kuhukumiwa tu, na mwovu ambaye hajawahi kushitakiwa rekodi yake ni nyeupe kama ya mwema.

Wala tusijifanye tunatazama moto wa jirani kutoka mbali. Miaka iliyopita tulishiriki kuandaa kambi ya likizo ya vijana, mahali tusipopataja. Watoto walikuwa zaidi ya 60. Usiku tulibaki wakubwa watatu, na mmoja wetu hatukumjua ila kwa sababu aliletwa na mtu tuliyemjua. Hatukuwa na orodha kamili ya majina. Hatukuwa na nambari za simu za wazazi wote. Alhamdulillah, watoto walirudi salama, na kwa sababu walirudi salama hakuna aliyetuuliza kitu, nasi hatukujiuliza. Tuliposoma juu ya madai yale 363 ndipo tulipoikumbuka kambi ile, na tulikosa usingizi.

Kwa hiyo jawabu tulilompa ndugu yetu halikuwa ndiyo wala hapana. Tulimwambia aende kituoni mwenyewe, asimtume mtoto. Amuulize msimamizi jina lake na kazi yake ya mchana. Aulize jioni ambayo mkufunzi mmoja anaumwa ni nani wa pili anayebaki na watoto, na kama hakuna wa pili, je, kituo hufungwa? Aulize mtoto akitaka kumlalamikia mkufunzi humwendea nani, na huyo anayeendewa si rafiki wa huyo mkufunzi? Ayaandike mapema mambo ya swala, chakula na malazi, wala asione haya. Jeshi la nchi hiyo lina imamu wake wa Kiislamu tangu mwaka 2005, alipoteuliwa Asim Hafiz, kwa hiyo si maombi mageni masikioni mwao. Na zaidi ya yote akae na mwanawe, amwambie kwamba cheo cha mtu kinamfanya asikilizwe katika gwaride, na kwamba hakuna cheo kinachompa mtu haki ya siri baina yake na mtoto.

Ametuandikia tena wiki hii. Amekwenda mara moja, akamkuta msimamizi ni mama mmoja mfanyakazi wa posta, aliyemjibu maswali matatu bila ya kusita na la nne akaomba muda akaulize kwa wakubwa wake wa kaunti. Karatasi bado haijatiwa saini. Baba ameomba jioni ya Jumanne ijayo akae nyuma ya ukumbi, atazame gwaride tangu mwanzo mpaka milango ifungwe, na mama yule amemkubalia.